Gamba la Kilwa lenye miiba iliyovunjika: ni Hantkenina au najidanganya?

Binti wa Nzuguni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, namalizia shahada ya jiolojia, na kuna kitu kisichofika hata nusu milimita kinaninyima usingizi.

Nilienda fildi Kilwa nikarudi na mifuko ya udongo wa mfinyanzi, ule wa kijivu uliokolea. Natafuta foraminifera za planktoni. Kwa wasiozijua, ni viumbe vya seli moja vinavyoelea baharini na kujijengea gamba la chokaa. Vikifa, gamba linazama na kuzikwa kwenye tope. Nimeloweka udongo, nimeuchekecha kwa maji kwenye chekeche ya maikroni 63, nimekausha kilichobaki.

Sasa mfuko namba 7, ambao msimamizi wangu ameshasema ni wa Oligosini, umenitolea magamba matatu ya ajabu. Yamejikunja bapa, upande huu na huu sawasawa, vyumba vitano au sita kwenye mzunguko wa mwisho. Ukingoni kuna vibutu, kama mahali palipovunjika mwiba. Mawili yana ubluu wa mbali hivi, la tatu linang'aa kama kioo.

Kila nikisoma napelekwa kwenye Hantkenina, foraminifera za kale zenye miiba. Lakini Hantkenina iliisha na Eosini, kipindi kilichotangulia Oligosini! Naogopa kumwambia mzee wa watu amekosea umri wa mwamba, na naogopa zaidi kuandika nimepata spishi mpya halafu nichekwe siku ya kutetea. Picha nimepiga kwa simu kupitia hadubini, mnisamehe ukungu.

Mzee wa Zabibu

Siti ya mbele, ngoja waje wataalamu. Ila binti, Dodoma hii viumbe vya bahari umevitoa wapi?

Binti wa Nzuguni

Kilwa mzee wangu, nimeandika hapo juu. Chini ya Dodoma ni granaiti na nisi za zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukikuta foraminifera humo niite tuandike wote.

Kizota Finest

Hiyo ni spishi mpya, usiwasikilize. Ipe jina lako kabla wazungu hawajaiona.

Tope la Kale

Kizota punguza moto. Spishi haitangazwi kwa magamba matatu yaliyovunjika. Inatakiwa maelezo yaliyochapishwa, gamba moja liteuliwe kuwa kielelezo cha jina na lihifadhiwe mahali wengine wanaweza kulikagua, na uwe umeona magamba ya kutosha kujua lipi ni umbo la kawaida na lipi ni kilema au mtoto. Makinda ya foraminifera yamewapoteza watu wengi kuliko spishi zenyewe.

Binti, turudi kwako. Hantkenina ni jenasi iliyopewa jina na Cushman mwaka 1924. Alama yake kubwa ni mwiba mmoja kwa kila chumba, na mwiba huo ni bomba, una uwazi ndani. Kwa hiyo kibutu chako kigeuze chini ya mwanga wa pembeni. Ukiona kitundu katikati, hiyo ni Hantkenina au ndugu yake. Kikiwa kigumu tupu, hapo una chembe ya uchafu iliyoganda.

Kisha angalia mdomo. Hantkenina mdomo wake uko ukingoni mwa chumba cha mwisho, mrefu kwenda juu, una vibawa pembeni. Chumba cha mwisho kikiwa kimevimba na kina matundu kadhaa badala ya mdomo mmoja, hiyo ni Cribrohantkenina, ya Eosini ya mwisho. Na kama hakuna mwiba kabisa, gamba dogo, laini, bapa, fikiria Pseudohastigerina. Hiyo ilivuka mpaka ikaingia Oligosini, kwa hiyo haikugombanishi na msimamizi wako.

Usishuke hadi jina la spishi. Spishi za Hantkenina tunazitofautisha kwa umbo la vyumba na mahali mwiba unapoota: zile za mwanzo uko kwenye ncha ya chumba, kadiri muda ulivyosonga ukahamia mbele mpaka karibu na mshono wa vyumba viwili. Kwako miiba imekatika na picha ni ukungu. Andika "Hantkenina sp.", yaani spishi haijatajwa, upumzike. Hakuna aliyefelishwa kwa kuandika sp., ila waliobandika jina la spishi kwa kubahatisha nimewaona wakitoka jasho.

Ila ujue unachokishika. Mpaka wa Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, umewekwa rasmi Massignano, Italia, na alama yake ni kutoweka kwa Hantkenina. Kwa hiyo gamba moja la kweli, likiwa mahali pake, linatosha kuhamisha mfuko wako upande wa Eosini. Ndiyo maana nauliza: mfuko 7 una wenzake gani? Unaona Turborotalia cerroazulensis? Hiyo ni foraminifera nyingine, ilitoweka kabla kidogo ya Hantkenina.

Binti wa Nzuguni

Asante sana mkuu. Turborotalia cerroazulensis sijaona hata moja. Pseudohastigerina ndogondogo zimejaa. Kibutu cha lile linalong'aa KINA KITUNDU. Mikono inatetemeka.

Mama Hadubini

Mwanangu, mimi nimeosha sampuli miaka mingi. Hebu nijibu kwanza: huo ubluu umetoka wapi?

Binti wa Nzuguni

Shikamoo mama. Sijui, nilidhani ni madini. Maabara kuna bakuli la maji ya bluu, fundi alisema nichovye chekeche humo kila nikimaliza sampuli. Mimi nikajua ni dawa ya kuua vijidudu.

Mama Hadubini

Marahaba. Hapo ndipo ulipolala! Hiyo ni methilini bluu. Chekeche hata uisugue vipi, kuna magamba yananasa kwenye matundu. Ukiichovya, yaliyonasa yanapakwa rangi, ili yakidondokea sampuli inayofuata uyajue kuwa ni wageni. Mawili yako ya bluu si ya mfuko 7. Kabla yake uliosha upi?

Na jingine. Usiposuuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), chumvi ya maji yetu ya Dodoma inaganda juu ya gamba, inafanya vipele. Nimeshamwona kijana akiandika ukurasa mzima kuhusu "ukuta wenye chunusi", kumbe chumvi. Ukuta ni nusu ya utambuzi wa foraminifera, usiuchezee. Na siki usiikaribishe hata kwa bahati mbaya, gamba lote linayeyuka.

Binti wa Nzuguni

Niliosha mfuko 6. Sijauangalia bado. Na lile la tatu halina bluu kabisa mama.

Tope la Kale

La tatu linaweza kuwa limeingia kabla ya maabara. Ulichimba na nini?

Binti wa Nzuguni

Jembe. Lile lile la mfuko 6. Sikulifuta 😭

Tope la Kale

Basi chukua bonge zima lililobaki la mfuko 7, kwangua nje lote, osha kiini tu kwa chekeche safi. Udongo wa Kilwa umebana, maji hayapenyi, ndiyo maana magamba yanabaki kioo wakati ya sehemu nyingi za bahari kuu yamegeuka meupe kama sukari. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kumtambua mgeni kwa sura. Watu walitumia magamba haya ya Tanzania mwaka 2009 kukadiria kaboni dayoksaidi ya hewa ya wakati ule, na wewe unachanganya mifuko kwa jembe.

Binti wa Nzuguni

Mrejesho wakuu. Nimeosha kiini, nimechambua trei nne kwa brashi mpaka macho yamevimba: Hantkenina sifuri. Nimefungua mfuko 6: zimejaa, nyingine zina miiba mizima, na Cribrohantkenina nadhani ninayo moja. Nimemweleza msimamizi yote, na jembe pia. Alicheka, halafu akanyamaza, akaniuliza kati ya shimo la 6 na la 7 kuna umbali gani. Kama mita moja na nusu, na sikuchukua kitu hapo katikati, mpaka wenyewe unapopita.

Amesema nirudi. Safari hii kila sentimita kumi, na kitambaa cha kufutia jembe.

Anayejua usafiri, Dodoma kwenda Kilwa lazima nilale Dar?

Mzee wa Zabibu

Lala tu Dar binti. Na hilo jembe liache Nzuguni.