Mtoto Kuitwa "Mzee"

Swaleh: Assalaam aleikum, jamaa zangu. Mtoto wetu ametimiza siku arubaini, na mama yake ameshazoea kumwita "Mzee", kwa kuwa amepewa jina la marehemu baba na yeye haoni vyema kulitamka jina la mkwewe. Mimi naona uzito. Mzee ni yule kobe wa Haller Park, ile hifadhi ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, nami nachelea kwamba wenziwe watamcheka chuoni, akianza madrasa.

Ami Shee: Waaleikum salaam, mwanangu. Kobe huyo usimwonee haya, maana kisa chake kina mkono wa Malindi. Desemba 2004, tsunami ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alibaki peke yake kwenye mwamba baharini, na watu wetu wakahangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa. Aliitwa Owen, kwa jina la mmoja wa waliomwokoa, akapelekwa Bamburi, na alipofunguliwa tu akamkimbilia kobe aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, ambaye watunzaji walikuwa wakimwita Mzee. Alimfuata kila mahali, akala naye, akalala ubavuni pake. Waliompa kobe yule jina hilo walimheshimu kwa umri wake, na yatima yule akampatia sababu ya pili ya kuitwa hivyo.

Shangazi Mwanaisha: Tena si kobe peke yake. Sisi tuliokua zamani za Jomo Kenyatta, redio ikisema "Mzee" hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani, mpaka alipofariki Mombasa mwaka 1978. Jirani zetu wa Tanzania walimwita Rais Ali Hassan Mwinyi "Mzee Ruksa", kwa vile alivyoilegeza milango ya biashara iliyokuwa imefungwa. Na waigizaji je? Benson Wanjau wengi hawamjui, lakini ukitaja Mzee Ojwang wa *Vitimbi*, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni, nyumba nzima inatabasamu. Amri Athuman wa Tanga naye ni Mzee Majuto. Hata palikuwa na Mzee Small, mchekeshaji ambaye jina lake lilikutanisha ukubwa na udogo, kama huyu mjukuu wetu hasa.

Swaleh: Nimekusikia, Shangazi. Ila siku hizi vijana wa bodaboda huniita "mzee" nami sina hata mvi moja, ndipo nikaona kwamba neno limekuwa la kila mtu.

Ami Shee: Wao wanatafuta abiria kwa upole, na hilo si baya. Lakini mtu akisema "mzee wangu", anamtaja baba yake, na hapo sauti yenyewe hubadilika.

Mama Mtoto: Ami, Shangazi, naomba radhi kwa kuingilia. Marehemu baba mkwe tangu siku niliyoolewa hakuniita kwa jina langu. Aliniita "mama", na mimi nikamwita "mzee" mpaka siku tuliyomzika. Mtoto huyu atakua, atavunja vikombe, atachelewa kurudi magharibi. Nitamkaripiaje kwa jina la baba mkwe?

Swaleh: Hilo sikulifikiria. Basi nyumbani na awe Mzee, na chuoni nitamwandikisha kwa jina lake kamili.

Shangazi Mwanaisha: Mleteni Ijumaa baada ya swala, nimbebe Mzee wangu.