Naomba ushauri: SaPI1 inanimalizia faji

Wakuu, namwaga faji 80α (virusi vinavyoua bakteria) juu ya bakteria Staphylococcus aureus. Sahani ya bakteria wasio na SaPI1 (kipande cha DNA kinachoishi ndani ya bakteria hao) inajaa madoa wazi, makubwa, yaani pale faji ilipowaua. Wenye SaPI1? Madoa machache, madogo kama ncha ya sindano.

Ninavyoelewa, kipande hicho cha DNA kimelala kwenye kromosomu mpaka protini ya faji yenyewe ikiamshe. Kinajichomoa, kinajinakili, kisha kinalazimisha maganda ya faji yawe madogo: DNA yake ya kilobezi 15 (herufi 15,000 za DNA) inatosha humo, ya faji ya kilobezi 44 hivi haitoshi. Wizi mtupu!

Nataka kujua kinachoumiza zaidi, udogo wa maganda au kuzuiwa kwa ufungashaji wa DNA ya faji ndani yake. Nianze kufuta cpmA na cpmB (jeni za SaPI1 zinazopunguza maganda), au ppi (jeni yake inayozuia ufungashaji)? Na nikishamwaga faji, sampuli za DNA nichukue kila baada ya dakika ngapi?