KC ya panya: isiyo na albumini au yenye albumini, nichukue ipi?

Bint_Upanga: Wakuu habari za jioni. Naandaa jaribio la kuhama kwa nyutrofili (seli nyeupe za damu): zinavuka kichujio kufuata kemokini, yaani protini inayoziita, iliyo kwenye kisima cha chini. Nazitoa kwenye uboho wa panya, sasa nahitaji kemokini CXCL1 ya panya, ile KC. Nimebakiwa na mbili: isiyo na albumini na yenye albumini (protini ya kuikinga), zote mikrogramu 25, zote zimezalishwa kwenye E. coli. Jirani yangu wa maabara ananiambia nitumie tu IL-8, kemokini ya binadamu tuliyonayo kwenye friza. Mnanishaurije?

mzee_wa_friza: Dada hiyo IL-8 iache. Panya hana kabisa jini ya IL-8, kwake kazi hiyo inafanywa na KC na mwenzake MIP-2 kupitia kipokezi CXCR2, matokeo yakigoma utajuaje kosa ni la seli au la kemokini? Mimi ningechukua yenye albumini. KC ni kiprotini kidogo, kilodaltoni 8 hivi, ukiipunguza makali sana inanata kwenye plastiki ya tyubu, unadhani umeweka nanogramu 10 kumbe nusu imebaki ukutani.

Pipeti_Kimara: Mzee hapo kwenye kunata uko sahihi ila mimi nachukua isiyo na albumini, maana albumini unaweza kuongeza mwenyewe asilimia 0.1 kwenye bafa, lakini ikishakuwemo kuitoa ni shughuli, na kesho ukitaka kuibandika bayotini (lebo ya kuifuatilia) au kumchoma panya mzima inakuharibia kazi. Halafu dada, kabla ya bei angalia endotoksini (sumu ya bakteria) kwenye karatasi ya bechi. Hii kitu imetoka kwa bakteria, endotoksini ikiwa nyingi inaamsha nyutrofili zako hata kabla hazijaonja KC.

mzee_wa_friza: Hilo la kumchoma panya sikuliwaza, nakubali. Basi igawe siku hiyohiyo. Sisi yetu tuliiweka tyubu moja, kila jaribio tunaiyeyusha tunaigandisha tena, juu yake umeme ukakatika usiku kucha kipindi cha lile joto la mwezi wa pili, seli zinazovuka zikawa zinapungua kila wiki na sisi tunalaumu panya miezi miwili mizima. Iliniuma sana.

Pipeti_Kimara: Kabla ya kufungua spini tyubu kwenye sentrifuji kwanza, unga wenyewe hauonekani na unaweza kuwa umeng'ang'ania kwenye kifuniko. Weka mikrolita 250 za bafa, gawa kumi kumi, unapata tyubu 25 zenye mikrogramu moja moja. Visima vya chini vya mikrolita 600 kwa nanogramu 50 kwa mililita, tyubu moja inakutosha visima 33. Ila pima na 1, 10 na 100, maana dozi ikizidi seli zinapungua tena.

Bint_Upanga: Asanteni sana kaka zangu, naagiza isiyo na albumini. Na kichujio, matundu ya mikroni ngapi? Tunazo za 3 na za 8.

mzee_wa_friza: Za 3. Kwenye 8 nyutrofili zinadondoka zenyewe hata hazijaitwa.