Ninasali, lakini nimeacha jumuiya: je, bado nina dini?

Binti wa Kibosho:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Nimelelewa katika familia ya Kikatoliki huku Kilimanjaro, ila kwa miaka minne sasa sihudhurii jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, na kanisani ninaonekana Pasaka na Krismasi tu. Kusali sijaacha. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, ninasoma zaburi moja kisha ninakaa kimya, na katika ukimya huo ninajisikia karibu na Mungu kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa kwenye benchi nikisikiliza matangazo ya michango. Nilipomweleza mama kwamba nina maisha yangu ya kiroho, alinijibu kwamba hayo ni mazoea ya asubuhi, wala si dini. Naomba mnielimishe: kati ya dini yenye viongozi, ratiba na daftari la michango, na uhusiano wa mtu mwenyewe na Mola wake, tofauti hasa ni ipi, na je, huo uhusiano unaweza kusimama peke yake?

Katekista Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Lugha yenyewe imekutega. Jina la dini tunalo, lakini hicho unachokitetea hakina jina moja lililozoeleka, na ukijaribu kuliunda kutokana na "roho" utapata "uroho", ambao kila mtu anajua kuwa ni ulafi. Ndiyo maana tunazunguka na kusema "maisha ya kiroho" au "uchaji".

Katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo, Yesu anamwambia anayesali aingie chumbani na kufunga mlango, kwa hiyo alfajiri yako ina msingi imara. Lakini aya chache baadaye, katika sura hiyo hiyo, anawafundisha wanafunzi sala inayoanza kwa "Baba yetu", wala si "Baba yangu". Hata ukijifungia, sala hiyo inakulazimisha uwataje wengine.

Kuhusu jumuiya, nakiri jambo moja. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika mkutano wao wa mwaka 1976, shabaha ilikuwa majirani wasome Neno pamoja na wajue nani ni mgonjwa na nani hana chakula. Pale zilipogeuka kuwa vituo vya kukusanyia michango, kosa ni letu sisi tuliozisimamia.

Mkaa Pembeni:

Mzee, nakuheshimu, lakini umelipita suala la mamlaka haraka mno. Baba yangu mdogo alisali kila siku ya maisha yake, na alipofariki viongozi wa kanisa lake walikataa kuongoza ibada ya mazishi kwa sababu kadi yake ya michango ilikuwa na mapengo ya miaka miwili, ambayo ndiyo miaka aliyokuwa kitandani. Kwangu mimi, tofauti aliyoiuliza dada yetu ni hiyo: dini iliyopangwa ina mtu mwenye uwezo wa kusema wewe si wetu, ilhali katika sala ya chumbani hayupo mtu wa namna hiyo. Mengine yote ni mapambo.

Mwanafunzi wa Pangani:

Poleni kwa msiba huo, ndugu. Mimi ni Mwislamu, lakini swali hili ni letu pia. Imamu al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi wa wakati wake walikitamani. Mwaka 1095 aliacha yote, baada ya kujihoji na kuona kwamba kilichomsukuma kufundisha kilikuwa sifa na umaarufu. Ameeleza mwenyewe kwamba ulimi wake ulifunga hata akashindwa kutoa darasa. Alikwenda Damascus, akawa anajifungia katika mnara wa msikiti, na kwa takriban miaka kumi na moja aliishi mbali na ualimu huo.

Nawaomba mtazame mahali alipojifungia. Alikimbia cheo, lakini aliingia msikitini. Ndivyo ilivyo itikafu tunayokaa katika kumi la mwisho la Ramadhani: mtu anajitenga na watu, na anajitenga ndani ya nyumba ya watu wote. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Na kama alivyosema mzee kuhusu "Baba yetu", nasi katika Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, tunasema "tunakuabudu", kwa wingi, hata anayeswali akiwa peke yake gizani.

Hata hivyo, hoja ya Mkaa Pembeni sijaijibu, na sidhani kama mfano wa Ghazali unaijibu, kwa kuwa yeye aliondoka kwa hiari yake na mlango wa kurudi ulikuwa wazi.

Mjukuu wa Mlokole:

Bibi yangu wa Bukoba alikuwa katika uamsho ule uliotokea Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930. Walokole walisisitiza kwamba ubatizo na cheti havitoshi, kila mtu atubu yeye mwenyewe. Wengi wao hawakuyahama makanisa yao, bali walikutana pembeni kila wiki na kuungama mbele ya wenzao. Baada ya muda, mikutano hiyo nayo ikawa na wazee wake wa kupima nani anatembea nuruni na nani amepoa. Bibi aliwahi kuambiwa amepoa, na ilimuuma kuliko karipio lolote la mchungaji.

Binti wa Kibosho:

Nawashukuru sana. Katekista, maneno yako yamenirudisha kwenye meza yangu ya alfajiri, nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: zaburi ninayosoma siichagui mimi, ni ile iliyopangwa kwa siku hiyo katika kalenda ya liturujia, na Biblia ninayoitumia nilipewa siku ya kipaimara. Mama atafurahi nikimwambia. Kwenye jumuiya sijajua kama nitarudi, maana nikisoma habari za baba mdogo wa Mkaa Pembeni nakumbuka kwamba daftari letu pia lina ukurasa wenye jina langu, na najua umeandikwaje.