Blogger au WordPress: ipi ya kuaminika kupandisha makala nikiwa sipo?

MpishiWaNgamiani
Salaam wanajamvi. Nina blogu ya mapishi na Ramadhani ndiyo hiyo inakaribia. Mwaka huu nitakuwa Pemba kwa wakwe, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Nimeshaandika mapishi 30, nataka kila siku pishi moja lipande lenyewe saa kumi jioni, mtu alikute kabla hajabandika chungu. Nibaki nilipo au nihame? Blogger na WordPress, ipi haitaniangusha?

FundiWaNyaya
Mkuu, "nilipo" ni wapi? Kama ni WordPress, ni ya bure ya wordpress.com au umekodi seva? Na kwa siku unapata wasomaji wangapi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

BintiKisauni
Blogger, mjadala umefungwa. Niko huko tangu 2012. Wachagua tarehe na saa pembeni mwa makala, wabonyeza kuchapisha, waenda zako kulala. Seva ni za Google na hulipi hata senti.

FundiWaNyaya
Na sura ya blogu yako ni ile ile ya 2012 😀

BintiKisauni
Sura haipiki wali, kaka.

MzeeWaKaimati
Ngoja niwasimulie. Nina WordPress kwenye seva ya kukodi. Ramadhani moja nikapanga mapishi yote ya mwezi, nikajiona mjanja. Siku ya kwanza saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Limekuja kupanda saa moja usiku, watu wameshafuturu wanachokonoa meno. Dada mmoja akaniandikia, "Ahsante kwa pishi la daku." Kumbe blogu ilikuwa inafuata UTC, yaani majira ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Nikaweka majira ya Dar es Salaam, nikadhani nimemaliza. Wapi! Zile zilizokwisha pangwa zikabaki na saa zao za zamani, ikabidi nizipangie upya moja moja, na mwezi umeshaanza.
Kubwa zaidi ni Idi. Nilikuwa nimepanga "Idi Mubarak, pilau la leo hili hapa" baada ya siku 29. Mwezi haukuandama. Mimi niko kwenye basi, simu imezima, makala imepanda asubuhi na watu wana saumu zao. Maoni niliyoyakuta jioni siwezi kuyaandika hapa.

BintiKisauni
Pole mzee. Lakini si huenda Saudia ulikuwa umeandama? Mwezi ni mmoja.

Nahodha_Mkoani
Haya, yameanza. Kwetu Pemba kila mji una mwezi wake. Nyumba moja baba amefunga, mtoto anakula Idi.

BintiKisauni
Kwa sababu baba hataki kusikiliza redio.

Nahodha_Mkoani
Baba anaangalia juu, binti. Mwezi uko juu, hauko redioni.

FundiWaNyaya
Jamani, mada. Mpishi yuko wapi?

MpishiWaNgamiani
Nipo, nilikuwa sokoni. Ni WordPress, seva ya kukodi, ina cPanel, ule ukurasa wa kuendeshea seva. Wasomaji kama 40 kwa siku, karibu wote wanatoka kwenye makundi ya WhatsApp nikituma linki.

FundiWaNyaya
Hapo ndipo penye kazi. Saa ya ndani ya WordPress haitembei yenyewe, inaamshwa na mtu anayefungua blogu. Saa kumi ikifika na hakuna aliyefungua, makala inalala mpaka atokee mgeni. Sasa wageni wako wanakuja kwa linki, na linki unatuma wewe, na wewe uko Pemba bila mtandao. Msomaji anasubiri makala, makala inasubiri msomaji. Dawa yake: kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya blogu, andika define('DISABLE_WP_CRON', true); na hiyo nukta-mkato usiiache. Kisha cPanel, sehemu ya cron (kazi ambazo seva huzifanya yenyewe kwa saa), iite wp-cron.php kila dakika 5. Seva itajiamsha yenyewe.

BintiKisauni
Mwaona? Kwa Blogger huandiki hata nukta.

MamaTumbatu
Mimi sielewi haya ya cron. Huna mdogo wako Tanga mwenye bando? Mpe akaunti ya mhariri, kila jioni abonyeze na atume linki kwenye makundi. Hiyo mashine yenu itapandisha, haya, na WhatsApp nani atapeleka?

FundiWaNyaya
Mdogo mtu naye hulala, mama.

MamaTumbatu
Saa kumi ya Ramadhani nani analala? Wote wako jikoni.

MzeeWaKaimati
Mama kasema. Na ya Idi usiipangie saa kabisa, iache rasimu, abonyeze mdogo mtu mwezi ukishatangazwa.

Nahodha_Mkoani
Utangazwe na nani?

MpishiWaNgamiani
😂 Msinianzishie tena. Sihami kwanza. Mdogo wangu ameuliza analipwa nini, nimemwambia thawabu, hajajibu. Hayo ya cron nimefuata, majira nayo nimeweka Dar es Salaam. Nimepangia kaimati za majaribio leo saa kumi, sitafungua blogu wala kutuma linki, nione.

Nahodha_Mkoani
Kaimati unaweka tui au maziwa ya lala?

BintiKisauni
Tui, tena la nazi ya kukuna. Ya pakiti hapana.

MzeeWaKaimati
Mpishi, hebu kwanza. Hiyo saa kumi, umeandika 10 au 16?