Mbaazi ngumu, tui limekatika: naombeni ushauri wa mapishi ya nyumbani

Mama Pacha, Umoja
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Tupo watano nyumbani na ninapikia meko moja ya gesi. Tunakula ugali na sukuma wiki, chapati na ndengu, githeri, kisha tunaanza upya, hadi mwanangu mdogo siku hizi huchungulia sufuria kwanza ndipo aamue kama ana njaa. Jumapili nilijaribu mbaazi za nazi kama nilizokula Mombasa, lakini baada ya saa mbili motoni zilikuwa bado ngumu, na tui likakatika, mafuta yakaelea juu. Ningependa pia kitu kitamu kisichohitaji tanuri.

Bi Iliki, South B
Dada, mbaazi hazina kosa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa, na mikunde mikavu huchelewa kuiva. Ziloweke usiku kucha, kisha uzichemshe bila nyanya wala ndimu, kwa kuwa uchachu huzikaza. Zikishaiva kabisa, tia tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi na manjano. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo, nawe ukikoroga bila kuacha mpaka lianze kufurukuta, hapo uepue. Likitokota kwa nguvu hukatika, hata la mpishi wa harusi.

Mzee wa Kangemi
Chembe chache za magadi zingemalizia kazi hiyo mapema.

Bi Iliki, South B
Ni kweli, mzee wangu, ila yakizidi kidogo tu mbaazi hunuka sabuni. Mimi siyatumii.

Kuhusu kitamu, dada, pika kaimati. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira na maji vuguvugu hadi upate rojo zito linalovutika, ukalifunike mahali penye joto, maana katika baridi ya Julai huweza kuchukua saa mbili kuumuka. Lowesha mkono, ukamue rojo juu kati ya kidole gumba na cha shahada, na tonge litakalochomoza ulidondoshe katika mafuta ya moto wa wastani. Shira ni kikombe cha sukari, nusu kikombe cha maji na iliki.

Jirani wa Kariokor
Ndengu hizo hizo, ukiziloweka na kuzisaga na kitunguu na dania, ni bajia. Watoto hawatazitambua.

Mama Pacha, Umoja
Asanteni sana. Jana tui halikukatika. Kaimati zilitoka na mikia kama viluwiluwi, lakini sahani ilirudi tupu. Je, shira iliyobaki itakaa hadi Jumamosi?

Bi Iliki, South B
Itakaa. Ikiganda, ipashe moto na kijiko cha maji.