Marekani na China 2025: nani alimbana mwenzake?

Mkunazini: Wakuu, Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru kwa bidhaa za China hadi 145%, China nayo ikajibu kwa 125%. Mei wakakaa Geneva, wakashusha hadi 30% na 10% kwa siku 90. Nini hasa kiliwasukuma mezani?

Bandari_Kuu: Mkuu, ushuru huo uliumiza pande zote mbili, ila kombora la China lilikuwa tangazo la Aprili 4: madini adimu saba, yakiwemo disprosi na terbi, hayatoki bila leseni. Sumaku ya mota ya gari la umeme ni neodimi, chuma na boroni. Ikipata joto kali hupoteza nguvu, ndiyo maana huongezwa disprosi kidogo. Mwombaji wa leseni hutakiwa kueleza mtumiaji wa mwisho ni nani. Faili likilala wizarani, kiwanda cha ng'ambo kinasimama.

Mzani: Naongezea. Kuchimba siyo kikwazo, Marekani ina mgodi wa Mountain Pass. Kazi ipo kwenye kuyatenganisha madini adimu hayo: yanafanana mno kikemia, hivyo hupitishwa kwenye tindikali na viyeyusho hatua kwa hatua, mara mamia. Mitambo hiyo mingi iko China, na haijengwi kwa mwaka mmoja.

Mkunazini: Na mradi wetu wa madini adimu wa Ngualla, kule Songwe, Tanzania?

Mzani: Utajiri wake ni neodimi na praseodimi, nayo ni madini adimu ya sumaku. Disprosi ni haba, kwa hiyo pengo hilo haizibi.